Makoja ya Wapenda Bustani wa Ahadika

Nchi ya Ahadika haiko mbali, ingawa hakuna msafiri aliyewahi kukiri kwamba ametoka huko. Kaskazini imepakana na jangwa la Kesho, kusini na vilima vya Bado, na katikati yake umesimama mji mkuu wa Sifani, wenye mitaa mipana, watu wa adabu, na lugha iliyonyooka kiasi kwamba hata mgomvi akitukana husikika kama mtu anayeomba radhi. Watu wa Ahadika si waovu. Nalisema hili mapema kwa sababu nitasimulia mambo yatakayowafanya wengine wawachukie, na mimi mwenyewe nilipoyajua mara ya kwanza nilishika mdomo, nikakaa kitako, nikauliza kama kweli ni binadamu waliofanya vile. Walikuwa watu wema, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo.

Kilichowaunganisha wote, tajiri na maskini, kilikuwa Bustani ya Fahari. Ilizungushiwa ukuta wa mawe uliozidi kimo cha watu wawili, uliojengwa zamani kuwazuia mbuzi. Ilikuwa na lango moja kubwa, na ufunguo wake ulikaa kiunoni mwa Katibu wa Chama cha Wapenda Bustani. Hapana mtu aliyekatazwa kuingia, lakini pia hapana mtu aliyeona haja ya kuingia. Kila jioni harufu ya asumini iliruka ukuta ikashuka mitaani, ikapita madirishani na kwenye mabaraza, na watu waliokuwa wakinywa kahawa waliinua pua zao, wakafumba macho, wakaambiana, "Mwaka huu tumejitolea vizuri."

Wiki mbili kabla ya mvua za masika, Chama kilibandika tangazo kwenye milango ya soko, ya shule na ya zahanati. Lilikuwa tangazo fasaha mno. Lilitaja Siku ya Palizi, ambapo magugu yangeng'olewa kwa mikono ili mizizi ya waridi isijeruhiwe. Siku ya Kupogoa, chini ya uongozi wa wajuzi. Siku ya Kubadilishana Mbegu, kila mtu aje na zake katika karatasi iliyoandikwa jina la mmea. Wiki ya Mboji. Asubuhi ya Watoto Vitaluni. Na zamu za kuzibua mifereji na kuteka maji kisimani mvua zitakapokatika. Chini kabisa, kwa herufi kubwa, liliwaita wote wenye moyo wafike ukumbini Jumamosi ya kwanza wajitolee, likawahakikishia kwamba uzoefu si sharti na kwamba majembe yapo.

Majembe yalikuwapo kweli. Yalitundikwa ukutani mwa ukumbi, yamepakwa mafuta, yanang'aa, na hayakuwa na hata chembe ya udongo.

Sasa nieleze desturi iliyowafikisha hapo, maana bila kuijua msomaji atadhani nawasingizia. Desturi ilizaliwa na huruma. Zamani za mababu alikuwapo mwanamke mmoja, Bibi Hisani, aliyelima bustani ile miaka arobaini bila ujira. Kila mtu alikusudia kumshukuru. Kila mtu alisema, akimaliza msimu huu tutamfanyia karamu. Asubuhi moja alikutwa amelala chini ya mti wa asumini alioupanda kwa mikono yake, jembe kifuani, roho imekwisha kutoka, na hapana mtu hata mmoja aliyekuwa amempa asante. Mji mzima uliona haya. Wazee wa Chama wakakutana, wakalia, wakatunga sheria: katika nchi ya Ahadika mtu anayejitolea hatangojeshwa shukrani, bali atashukuriwa siku ileile anayotoa ahadi, kabla hajanyanyua jembe, na atavishwa koja la maua ya bustani yenyewe.

Ni sheria nzuri. Ningekuwapo ningeiunga mkono kwa mikono miwili.

Mwaka wa kwanza walivishwa makoja, wakaenda kazini. Mwaka wa pili akasimama msomi mmoja, akasema kwa ufasaha kwamba shukrani ni muhuri wa kazi iliyokamilika. Kwamba yeye amekwisha kushukuriwa kwa palizi. Na kwamba anayekuja sasa kumwita kwenye palizi ni kama anayesema asante ile ilikuwa ya uongo. Ukumbi ulipiga makofi. Tangu siku ile, kumkumbusha mtu kazi aliyoshukuriwa kukawa utovu wa adabu usiosameheka, sawa na kumfuata mgeni barabarani umwombe akurudishie chakula alichokula kwako. Watu waliandikwa, wakashukuriwa, wakavishwa, wakarudi makwao na makoja shingoni, na kila mmoja alilala usingizi wa mchapakazi.

Na maua ya makoja yalitoka wapi? Bustanini. Kadiri wenye moyo walivyoongezeka, ndivyo maua yalivyokatwa kwa wingi, tena yalikatwa kabla hayajazaa mbegu. Enzi za mababu koja lilishuka hadi kitovuni, limesukwa kwa waridi, vilua, mlangilangi na rehani. Enzi za baba zao lilifika kifuani. Kisha likawa ua moja la kuchomeka kifungoni. Miaka ya karibuni kila mwenye moyo alipewa petali moja ya asumini, akaibandika nyuma ya sikio kwa mate. Unadhani walishtuka? Waliandika makala kuonyesha jinsi ladha yao ilivyostaarabika, wakawacheka mababu zao waliojitundika maua kama ng'ombe wa harusi.

Mwenyekiti wa Chama katika zama za kisa hiki alikuwa Bwana Tamko, mzee mnene mwenye sauti tamu, aliyejitolea kwenye kitalu cha waridi mara kumi na moja. Katibu wake aliitwa Orodha, mwembamba, mwaminifu, asiyeiba wala kudanganya. Orodha ndiye aliyeingia bustanini peke yake mara moja kila mwaka kukata maua. Aliona vumbi kwa macho yake. Lakini kila alipoliona alifungua daftari alilolibeba kwapani, akasoma kwamba kitalu kile kimepaliwa na watu thelathini na wanane, kimepogolewa na kumi na tisa, kimemwagiliwa na hamsini. Kati ya macho yake mawili na maandishi ya watu wengi kiasi kile, aliona ni kiburi kuyaamini macho. Akakata kilichopatikana, akafunga lango, akaenda zake kwa amani.

Nyuma ya ukuta, upande wa kisima, aliishi mwanamke aitwaye Amali binti Kimya, mjukuu wa yule Bibi Hisani, mtu wa makamo, mikono migumu, maneno machache. Kulikuwa na kijilango cha kuendea kisimani ambacho watu walikisahau, naye alikitumia kila asubuhi. Alikuwa amebakiwa na kitu kimoja tu duniani alichokihesabu kuwa chake, mti wa asumini wa bibi yake. Aliutekea maji, aliutia mboji, aliupogoa, aliuondolea viwavi kimoja kimoja. Alijaribu kuokoa na waridi, akashindwa. Alijaribu na vilua, vikakatwa vyote kabla ya kuzaa. Mtu mmoja na ndoo mbili hawezi bustani ya mji mzima, na jambo hili limemliza mara nyingi kuliko alivyowahi kumwambia mtu. Kwa kuwa kila Jumamosi ya mkutano yeye alikuwa kisimani, jina lake halikuwahi kuandikwa. Katika daftari la wapenda bustani wa Ahadika, Amali hakuwapo.

Mwaka ule Chama kilitimiza miaka hamsini tangu sheria ya shukrani, na Bwana Tamko, kwa furaha iliyomzidi, akatangaza kwamba makoja ya kale yatarudishwa. Kila mwenye moyo atavishwa koja kamili, shingo hadi kifua! Mji ulilipuka. Watu mia nne na kumi na wawili walipeleka majina kabla hata ya siku ya mkutano. Ijumaa asubuhi Orodha akafungua lango, akazunguka na panga na kapu, akazunguka tena, akarudi aliposimama. Mti ulikuwa mmoja. Alihesabu vidoleni, akaona kwamba ukikatwa wote, matawi, majani na maua, ukasukwa kwa uangalifu, huenda ukatosha.

Amali alikuwa akitoka kisimani. Alipoona panga limeinuliwa alibwaga ndoo, akakimbia, akaukumbatia mti.

"Katibu," alisema akihema, "chukua maua, kama ulivyochukua kila mwaka. Mti uniachie."

"Bi. Amali, maua hayatoshi. Tunashukuru watu mia nne na kumi na wawili."

"Kwa kazi gani?"

Orodha alifungua daftari pasipo hasira, akamsomea kazi moja moja, kuanzia palizi hadi mifereji. Amali alitazama mfereji uliokuwa miguuni pake, umejaa mchanga hadi ukingoni, akamtazama na yule mtu aliyekuwa akiusoma kuwa umezibuliwa, akaingiwa na hofu ambayo hakuwahi kuijua. Maana mtu anayedanganya unaweza kumkanya, lakini huyu alikuwa akisema kweli yake yote.

"Mimi sitoki hapa," akasema.

"Basi itabidi tukushitaki, bibi yangu, na itaniuma sana."

Hivyo ndivyo Jumamosi ya kujitolea ilivyogeuka kuwa siku ya hukumu. Ukumbi ulifurika. Wenye moyo walikaa kwa mavazi mapya, shingo wamezinyoosha tayari kwa makoja. Juu ya kiti alikaa Kadhi Ithibati, mzee mkavu aliyeletwa kutoka vilima vya Bado, ambaye hakuwa mkali wala mpole, bali alikuwa na maradhi ya kutaka kuona kila kitu kabla ya kukisema.

Bwana Tamko ndiye aliyesoma mashitaka. "Bwana Kadhi, tunamshitaki mwanamke huyu kwa makosa matatu. Kwanza, katika miaka thelathini ya utu uzima wake hakujitolea kwa bustani ya taifa hata siku moja. Pili, amekutwa ndani ya bustani ile akifanya kazi ambazo wengine wamekwisha kuzijitolea, jambo ambalo ni kuwadharau. Tatu, na hili ndilo linalonitoa machozi, amewanyima shukrani watu mia nne na kumi na wawili. Tunaomba afukuzwe kutoka nyumba yake ya nyuma ya ukuta, na mti ukatwe leo."

Minong'ono ya huzuni ikapita ukumbini. Wanawake walimtazama Amali kama mtu aliyepiga mtoto.

"Bi. Amali," Kadhi akasema, "je, ulijitolea?"

"La, Bwana Kadhi."

"Kwa nini?"

"Siku za mkutano nilikuwa nateka maji."

Watu wakaguna. Hilo lilionekana kwao udhuru mbovu kupita kiasi.

"Je, unajua kwa nini sheria ya shukrani ilitungwa?"

"Najua. Ilitungwa kwa ajili ya bibi yangu mzaa mama. Mti unaotaka kukatwa ndio aliofia chini yake." Akamtazama Kadhi usoni. "Sina ugomvi na koja la mtu. Lakini mti ule ukienda, Bwana Kadhi, bustani imekwisha. Hakuna mwingine."

Ukumbi mzima ukacheka. Hawakucheka kwa ubaya. Walicheka kama watu wazima wanavyomcheka mtoto aliyesema jua limeanguka baharini. Bustani imekwisha! Na jana tu jioni si waliinusa?

Kadhi Ithibati pekee hakucheka. Alimgeukia Mwenyekiti. "Bwana Tamko, wewe umejitolea wapi?"

"Kitalu cha waridi, Bwana Kadhi. Mara kumi na moja."

"Nipeleke."

"Kukupeleka wapi, Bwana Kadhi?"

"Kwenye waridi. Nataka kuona kitu kilichotunzwa mara kumi na moja."

Bwana Tamko aliinuka. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alitambua kwamba hakujua kitalu kile kiko upande gani. Lakini alikuwa mtu wa adabu, na adabu ilimsukuma mbele. Akatoka, Kadhi akamfuata, Amali akafuata kati ya askari wawili, na nyuma yao ukumbi wote, vicheko na mazungumzo, kama watu waendao kwenye karamu.

Orodha alitia ufunguo. Lango likafunguka.

Sijui niseme vipi jinsi walivyonyamaza. Waliotangulia walisimama ghafla, waliofuata wakawagonga mgongoni, wakalalamika, kisha nao wakaona. Mbele yao kulikuwa na uwanja wa vumbi jekundu uliopasuka nyufa, kutoka ukuta hadi ukuta. Vijiti vikavu vilisimama kwa safu mahali palipokuwa na vitalu. Mifereji ilionekana kama makovu. Mjusi mmoja alikimbia katikati ya ile fahari ya taifa, na katika ukimya ule miguu yake ilisikika. Mbali, karibu na kisima, palikuwa na duara dogo la udongo mweusi, na katikati yake mti mmoja wa kijani.

"Tumekosea lango," mtu akasema.

"Lango ni moja tu," akajibu mwingine, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

Bwana Tamko alikwenda hatua kumi, akainama, akaokota kijiti chenye miiba. Kilivunjika mkononi mwake. Akageuka kumtazama Katibu. "Orodha, wamefanya nini? Nani amefanya haya?"

Katibu alikuwa amekwisha kufungua daftari. Alisoma, kwani kusoma ndiko alikojua. "Kitalu cha waridi. Kimepaliwa na watu thelathini na wanane. Kimepogolewa na..." Alisoma akiwa amesimama ndani yake, vumbi limemfika vifundoni. Mama mmoja aliyewahi kujitolea kwa Asubuhi ya Watoto alijifunika uso kwa kanga. Mzee mwingine aliketi chini palepale akasema taratibu, kama anayejieleza mbele ya mahakama kubwa zaidi, "Lakini mimi nilishukuriwa. Mimi nilishukuriwa."

Hapo msomaji atadhani kwamba kisa kimekwisha, kwamba waliona, wakatubu, wakashika majembe. Hata mimi nilidhani hivyo. Walilia kweli. Waliomboleza, wakakumbatiana, na Bwana Tamko akapanda juu ya ukingo wa mfereji, akatoa hotuba iliyochoma mioyo. Alisema kosa ni la wote. Alisema bustani lazima ifufuliwe, na itafufuliwa. Aliuliza kwa sauti iliyokatika kwa machozi nani yuko tayari kujitolea, na mikono mia nne na kumi na miwili ikanyanyuka juu kama mkono mmoja, na haukuwapo hata mmoja miongoni mwake ulionyanyuka kwa unafiki.

Kisha mtu fulani katikati ya umati, kwa upole na heshima zote, akauliza, "Na makoja yetu?"

Naapa hakukuwa na aliyeshangaa. Lilikuwa swali la kawaida. Walikuwa wameahidi, na sheria ilisema mtu asingojeshwe. Nyuso mia nne na kumi na mbili, zikiwa bado na machozi, ziligeuka polepole kuutazama mti.

Amali aliwaona wakigeuka. Alimtazama Kadhi kama mtu anayezama.

Kadhi Ithibati aliinamisha kichwa. "Nimeona," alisema, na uzee ukamwonekana usoni ghafla. "Nimeona yote, nami nimepigwa na butwaa kuliko ninyi. Mashitaka mawili ya kwanza nayafuta. La tatu siwezi. Sheria iko hai, nami sikuitunga. Mia nne na kumi na wawili wameahidi mbele yangu, na kila mmoja lazima avishwe kutoka bustani hii leo. Bi. Amali, nisamehe."

Orodha aliokota panga lake aliloliacha pale jana, akasogea, akasimama. Hakuweza kuinua mkono.

Amali akamwendea. "Nipe."

"Bibi yangu..."

"Nipe, Katibu. Kama ni kukatwa, hautakatwa na mkono usioujua."

Alilichukua panga. Aliweka kiganja chake kwenye shina mahali ambapo gome lilikuwa limelainika kwa kushikwa, akasema neno moja ambalo hakuna aliyelisikia, kisha akakata. Ukelele ulitoka umatini. Watu walewale walioulizia makoja walipiga mayowe, "Basi! Basi, mama! Acha!" na baadhi wakakimbilia kumzuia, lakini pigo la tatu lilikuwa limekwisha kushuka na mti ukalala chini na maua yake yote. Harufu iliyopanda pale iliwafanya watu wazima waangue kilio.

Amali hakulia bado. Aliketi chini na panga, akaanza kukatakata. Aliyakung'uta maua, yakaanguka vumbini. Aliyapukutisha majani. Kila tawi alilikata urefu wa shibiri moja, upande wa chini mshazari, kila kijiti kikiwa na macho yake matatu au manne ya kuchipulia. Alifanya hivyo muda mrefu, jua likapanda, na hapana aliyeondoka. Alipomaliza alisimama, kifurushi cha vijiti mkononi, akaenda kwanza kwa Bwana Tamko.

"Inamisha kichwa."

Mwenyekiti akainama. Amali hakumvisha kitu. Alimshika mkono, akaufungua, akaweka kijiti kitupu, kisicho na jani wala ua.

"Hili ndilo koja lako. Bado halijachanua. Lichomeke ardhini leo, macho mawili chini, mvua ziko njiani. Zikikatika utalitekea maji mwenyewe."

"Na likichanua?" Bwana Tamko akauliza kwa sauti ndogo.

"Likichanua utakuwa umeshukuriwa."

Akapita mtu kwa mtu. Kadhi Ithibati aliangalia kila kijiti kikipokewa, akaamuru iandikwe kwamba sheria imetekelezwa. Amali alipomaliza kumpa wa mwisho, mkono wake ulikuwa mtupu. Hakujibakizia hata kimoja. Ndipo alipokwenda pale paliposalia kisiki, akapiga magoti, akakifunika kwa mboji, na mabega yake yakaanza kutikisika.

Jioni ile hapakuwa na harufu. Kwa mara ya kwanza tangu mji ujengwe, watu wa Sifani waliketi kwenye mabaraza yao, wakainua pua, wakafumba macho, na hakikuja kitu. Kahawa zilipoa vikombeni. Nyumba moja baada ya nyingine watu walitoka nje, wakasimama barabarani wakitazamana kama mji uliofiwa, na walikuwa wamefiwa kweli.

Mvua zilinyesha siku ya nne. Sitawapamba watu wa Ahadika kuliko wanavyostahili. Vijiti vingi vilikauka. Wengine walivichomeka kichwa chini. Wapo kumi na mmoja ambao, nasema haya na mwili unanisisimka, walivichomeka nyuma ya sikio, wakatembea navyo mjini kwa majivuno, wakasema hii ndiyo mitindo mipya ya Chama.

Mwaka uliofuata, Jumamosi ya kwanza, Orodha alibandika matangazo yaleyale, akafungua ukumbi, akaweka daftari jipya mezani, akangoja. Walifika watu kumi na mmoja. Walikaa safu ya mbele, vijiti vikavu masikioni, shingo wamezinyoosha. Viti vingine vyote vilikuwa vitupu. Saa ilipita, na Katibu akaingiwa na hofu kuu. Nchi yake imekufa moyo, mapenzi ya bustani yamekwisha, na ukurasa wa kwanza hautajaa. Alitoka mbio, daftari kwapani, akaenda hadi langoni, akakuta liko wazi.

Ndani kulikuwa na watu, mia na zaidi, wamechafuka hadi magotini. Wengine walizibua mifereji, wengine walibeba mboji, na watoto walikuwa wamechuchumaa kwenye vitalu wakibishana upi ni mche na lipi ni gugu. Bwana Tamko, aliyepungua mwili sana, alikuwa amepiga magoti mbele ya kichaka cha asumini kisichozidi kimo cha mtoto, akikiondolea viwavi, na hakuinua kichwa. Penye kisiki cha zamani machipukizi mawili yalikuwa yametoka.

"Majina yenu!" Orodha aliita. "Jamani, majina! Nitawaandikaje?"

Hakuna aliyemjibu, kwani kila mtu alikuwa na shughuli. Alizunguka kati yao na kalamu wazi hadi akamfikia Amali kisimani.

"Bi. Amali, nisaidie. Niandike nani?"

Amali alimtazama, akatazama na safu ya miche mbali upande wa ukuta, iliyokuwa imeanza kunyauka. Akampa ndoo.

"Ile kule haijanywa," akasema.

Orodha alisita. Ndoo ilihitaji mikono miwili, na kwapani mwake mlikuwa na daftari. Akaliweka chini penye tope, ukingoni mwa kisima, akaibeba ndoo, akaenda.